Moshi Usiomfikia Nanyama

Jotham Wangila alikula nyama ya moshi nusu ya maisha yake bila kujua inavyotengenezwa. Alikuwa daktari wa ng'ombe huko Endebess, mtu wa gambuti na sindano, na nyumbani kwake Bumula alionekana Jumamosi na Jumapili tu. Chumba alichopanga huko kazini hakikuwa na friji. Kwa hiyo kila alipoondoka, mkewe Nanyama alimfungia kwa majani ya ndizi nyama iliyokaushwa juu ya meko, au kuku mzima, mweusi kwa nje na rangi ya asali kwa ndani. Chakula hicho kilimsogeza hadi katikati ya wiki, wenzake wasipokimaliza mapema.

Alipostaafu na kurudi Bumula, alidhani sasa atakula hivyo kila siku. Lakini Nanyama alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kikavu kilichomkata maneno katikati. Wakaenda hospitali mjini Bungoma. Daktari, msichana mpole mwenye sauti ya chini, aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu.

"Mama, umepikia kuni tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Basi kuni zimetosha. Usikae tena kwa moshi. Hata kidogo."

Nanyama alitii. Walinunua jiko la gesi, na jiko la nje, kile kijumba cha udongo, likaachiwa kuku wakatagie humo. Alipika bila kulalamika na bila raha. Jotham akisifu mchuzi, alijibu, "Nyama ya gesi ni nyama tu," na sahani yake ilirudi nusu.

Asubuhi moja Jotham aliingia kufagia lile jiko la nje, akainua macho. Boriti zilikuwa nyeusi, zinang'aa kana kwamba zimepakwa lami. Kichanja cha kukaushia nyama kilikuwa bado kinaning'inia juu ya mafiga. Akagusa ukuta, kidole kikatoka na masizi. Akabaki amesimama na ufagio mkononi. Kila kuku aliyemla kule Endebess alikuwa amekaa kwenye moshi siku nzima, na kuna mtu aliyekaa naye. Hilo hakuwahi kuliwaza, na alipoliwaza alishindwa kuendelea kufagia.

 Siku chache baadaye, alipotumwa na mkewe Kitale kumwona binti yao Pauline, aliyejifungua majuzi, alipitia dukani kwa Gicheru, muuza vyombo vya umeme, ambaye babu yake alihamia Trans-Nzoia kutoka nchi ya Wakikuyu akiwa kijana.

"Karibu mzee. Unatafuta friji?"

"Natafuta kitu cha kukausha nyama kwa moshi. Lakini moshi usimfikie mtu."

Gicheru hakucheka. Alimpeleka nyuma ya duka kulikokuwa na majiko ya moshi. La kwanza lilikuwa pipa kubwa la makaa, la kutosha mbuzi mzima. La pili lilikuwa refu, la gesi. La tatu lilikuwa kisanduku cha chuma kisichozidi kabati la kando ya kitanda, chenye waya wa stima na kitufe cha kurekebishia joto. Jotham alilipenda pipa papo hapo. Alilipigapiga ubavuni kama anayenunua fahali.

"Nyumbani mko wangapi?" Gicheru akauliza.

"Wawili."

"Na mama huwa anaweka kuku mbichi ama anachemsha kwanza? Anatumia mti gani? Nyama inakaa kwa moshi mpaka saa ngapi?"

Jotham, ambaye angekutajia umri wa ng'ombe kwa kutazama meno yake, alikiri kwamba kazi yake ilikuwa kula tu.

"Rudi na yeye, mzee," Gicheru akasema. "Naweza kukuuzia saa hii, lakini utakuja kunitukana."

Aliporudi Bumula alijaribu ujanja. "Mama Pauline, ule mti wa kukausha nyama ulikuwa gani?"

"Mpera. Kwani umeambiwa uhubiri juu yake?"

Kesho yake akauliza habari za chumvi. Nanyama aliweka chini kisu cha sukumawiki. "Jotham, unataka kufungua hoteli?"

Ndipo akamweleza yote, ya duka na ya pipa, na mwishoni, kwa shida, ya masizi kwenye boriti. Nanyama alimsikiliza akiangalia mikono yake.

"Hakuna mtu alinilazimisha," akasema. "Nilikuwa nafurahi nikijua utafungua hayo majani huko mbali na utasikia harufu ya hapa."

Wiki iliyofuata walikwenda Kitale pamoja. Nanyama alilipita pipa bila kusimama. "Hiyo ni ya matanga," akasema. Akafungua mlango wa kile kisanduku, akavuta wavu mmoja mmoja, akauliza moshi unatokea wapi. Gicheru akakitoa uani, akachomeka waya, akatia konzi ya vibanzi vya mti kwenye trei. Baada ya muda moshi ulipanda kutoka kwenye tundu la juu, mwembamba kama uzi, ukaenda zake na upepo. Nanyama alisimama upande upepo unakotoka. Hakukohoa.

"Inakula stima sana?" Jotham akauliza.

"Haifikii pasi," Gicheru akajibu.

Nanyama hakujali mambo ya pasi. Alimgeukia mumewe. "Toa hiyo karai ya maji hapo chini. Irudishe. Sasa inua yote." Jotham akainua. "Utaweza kuiosha?"

"Mimi?"

"Si daktari alisema nisikae kwa moshi? Utapika wewe. Mimi nitakaa kwa veranda. Hiyo pipa ingekushinda, baba. Tuchukue hii ndogo."

Gicheru aligeuka ghafla akaingia dukani, akaanza kufuta kioo cha friji ambacho kilikuwa safi tayari.

Jotham alikata matawi ya mpera, akayapasua vipande vidogo, akayaanika juani mpaka Nanyama aliporidhika. Jumamosi ilipofika akaweka jiko kwenye kibanda cha mwisho wa boma, mahali upepo unapoondoka nyumbani. Nanyama alikaa verandani na shali yake, akatawala kutoka huko.

"Umeweka maji kwa karai?"

"Nimeweka."

"Basi wacha kufungua mlango kila saa. Huyo kuku si mgonjwa wako."

Kila kitu kilikwenda sawa hadi adhuhuri, stima ikapotea. Jotham alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Usifungue," Nanyama akamwita. "Joto liko ndani bado. Kuja ukae."

Akaja akakaa. Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, Nanyama akamuuliza kile chumba cha Endebess kilikuwaje, kwa maana hakuwahi kukiona. Jotham akamweleza: kiti kimoja, dirisha linalotazama Mlima Elgon, na Kipchirchir wa chumba cha pili aliyebisha kila Jumatatu akijifanya anaomba chumvi, mpaka Jotham akawa anampa kipande cha nyama kabla hajafungua mdomo. Nanyama alicheka, akakohoa kidogo, akacheka tena.

Stima haikurudi. Wakamalizia kuku kwa sufuria juu ya gesi, akatoka mweupe kama mtu aliyeruhusiwa hospitali jana. Lakini Jotham alipomkata, harufu ikapanda, na wote wawili wakasogeza viti karibu.

Jotham akatafuta firigisi. Katika nyumba ya Mbukusu kipande hicho ni cha mwenye boma, na Nanyama alikuwa akimpa tangu walipooana. Jotham akakiweka kwenye sahani ya mkewe.

Nanyama alikitazama. "Watu watasema nimekulisha dawa."

"Watu hawako hapa."

Alikila polepole, akimung'unya kama mtu anayesikiliza kitu. "Chumvi ni kidogo," akasema. "Lakini mpera umeingia." Na sahani yake siku hiyo haikurudi nusu.

Jirani yao Wanyonyi alipomkuta Jotham amevaa aprini alicheka hadi akaegemea ua. Jumamosi iliyofuata alikuja na kuku wake mwenyewe kwapani, akauliza kama kuna nafasi. Jotham ameshaunguza trei, ameshasahau maji, na mara moja alikausha nyama ya ng'ombe mpaka ikawa kama mkanda. Kikohozi cha Nanyama hakijaisha kabisa, ila kimelegea. Amerudi kwaya ya akina mama, safu ya pili, na wenzake wakitoka mazoezini Jumamosi hupitia kwake, kwa sababu wanajua siku hiyo ni siku gani.

Juzi Pauline alipiga simu kutoka Kitale. Wageni wa mtoto walikuwa wanakuja, naye alitaka kujua mama alikuwa anafanyaje ile nyama.

"Ngoja nikupe mwenyewe," Nanyama akasema, akamnyooshea mumewe simu. Jotham alifuta mikono kwenye aprini, akasafisha koo.

"Sikiza vizuri," akaanza. "Kwanza mpera uwe umekauka."