Kijitabu Kisicho na Jina Lake

Mtu aliyenifundisha nyuki alikufa kwa ngiri, ugonjwa unaopasuliwa kila wiki katika hospitali za mji wetu. Ninasema hili mwanzoni kwa sababu watu wakisikia kwamba mfuga nyuki amefariki, huuliza mara moja kama ni nyuki waliomuuma. Nyuki hawakumtendea ubaya wowote. Ubaya tulimtendea sisi wenzake wa kazi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilipelekwa Masako, kwenye msitu ulio nje ya mji, nikiwa nimetoka tu kumaliza masomo ya kilimo hapa Kisangani. Ofisi yetu, iliyokuwa Makiso katikati ya mji, ilikuwa imepata mradi wa asali kwa wakulima wanaoishi kandokando ya msitu, na mimi nikateuliwa kuwa fundi wa mradi huo. Nilikuwa sijafungua mzinga hata mmoja maishani mwangu. Mtu pekee aliyewajua nyuki katika mradi mzima alikuwa mzee mmoja mwembamba tuliyemwita papa, yaani baba, wa familia ya wavuvi wa upande wa Yanonge, aliyeoa katika kijiji cha karibu na msitu akabaki huko. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa kuwa mlinzi.

Siku ya kwanza nyuki mmoja aliingia ndani ya wavu wangu wa uso. Nilitupa kifuniko cha mzinga na kukimbia katikati ya mihogo, nikipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa shambani wakasimama kunitazama. Papa aliufunga mzinga kwanza, taratibu, kisha akanifuata. Hakucheka. Mwiba ulikuwa bado umenasa shavuni, nami nilikuwa nimeinua vidole kuubana.

"Usifinye," akasema. "Ukifinya, sumu yote inaingia. Kwangua na ukucha, hivi."

Alipokwisha kuutoa aliongeza, "Mi pia nilikimbia mara ya kwanza. Niliruka mu mayi ya mto na viatu yangu yote."

Baada ya hapo akanirudisha kwenye mzinga uleule.

Nilijifunza kwake kwa misimu kadhaa. Alinionyesha jinsi ya kuinua mzinga kidogo kwa nyuma ili nijue uzito wake bila kuufungua. Alinifundisha kusikiliza: nyuki waliopoteza malkia wana mlio wa chini, kama watu wanaolia wakiwa wamefumba midomo. Mama yangu alipougua, nikakaa mjini karibu mwezi mzima bila ruhusa, yeye ndiye aliyezunguka mizinga yangu yote. Kila mara chef, mkuu wa ofisi yetu, alipotuma mtu kuniulizia, alijibu kwamba niko ndani ya msitu, nitarudi jioni. Niliporudi kazini hakunikumbusha hata siku moja kwamba alidanganya kwa ajili yangu. Aliniuliza tu, "Mama iko anakula sasa?"

Ikafika siku chef akataka kijitabu cha mafunzo. Papa hakujua kusoma, lakini nilikuwa na daftari mbili nilizojaza maneno yake, nami nikaketi kuyapanga. Nilipoletewa nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, niliona mambo mawili. Juu ya jalada kulikuwa na majina mawili, la chef na langu. Na ndani sentensi moja ilikuwa imebadilishwa. Papa alisema siku zote kwamba nusu ya masega ya asali huachiwa nyuki, maana mvua kubwa ikianza maua hudondoka na wao hubaki na njaa. Kijitabu kilisema tuvune masega yote yaliyojaa.

Nilikwenda kwa chef nikamwambia jina la papa limesahauliwa.

"Jina ya mulinzi juu ya kitabu ya kiufundi?" akaniangalia kama mtu aliyesikia mzaha. "Soyons sérieux, mama. Tusifanye muchezo."

"Na ile sentensi ya masega?"

"Wafadhili banataka kuona asali. Habataki kuona nyuki bananenepa."

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na yeye ndiye wa kuutia saini upya. Nilisahihisha makosa ya herufi nikarudisha nakala.

Vijitabu vilipotoka nilimpelekea papa kimoja. Aliosha mikono kabla ya kukishika. Ndani kulikuwa na picha ya mikono yake ikiwa imeinua sega. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa nje ya picha. Aliitambua mikono hiyo, akafurahi, akaniomba nimsomee. Nilimsomea kuanzia ukurasa wa kwanza wa ndani, jalada nililiruka. Tulipofika kwenye masega aliinua kidole.

"Hapa mulikosea. Mukitoa yote, mu mvua batakula nini? Batahama."

"Ni chef alibadilisha, papa."

"Bon. Na weye ulikuwa wapi?"

Hakungoja nijibu. Alikwenda kunichumia papai la kurudi nalo nyumbani.

Wakati huo ngiri ilikuwa tayari inamsumbua. Alijifunga kitambaa tumboni na kuendelea kubeba mizinga. Nilimwandikia barua ya kuomba ofisi igharimie upasuaji. Chef aliisoma, akasema matibabu ni ya wafanyakazi wa kudumu, lakini ataangalia. Akaiweka chini ya karatasi nyingine. Nilimuuliza tena mara moja, na alipokunja uso niliacha. Niliiona barua hiyo pale mezani wiki baada ya wiki, kona yake moja ikichungulia, na sikuigusa.

Siku moja ya mvua mke wake alimleta mjini kwa toleka, papa ameketi nyuma ya baiskeli kwenye matope, yeye mama akitembea pembeni akimshika asianguke. Jeep ya ofisi ilikuwa imeegeshwa uani Makiso. Daktari alisema utumbo umeshaoza. Walimpasua, lakini walikuwa wamechelewa. Nilimkuta macho, midomo imekauka.

"Ule muzinga ya karibu na kijito," akaniambia, "malkia yake iko muzee. Uangalie."

Alifariki kesho yake mchana.

Chef alikuja msibani na jeep. Alisoma hotuba, akamwita mlinzi wetu mwaminifu. Watu wa kijiji walipiga makofi kwa adabu.

Muda mfupi baadaye ukafika wakati wa mavuno, na chef akaagiza tuvune kwa kufuata kijitabu. Niliwaambia wakulima waache nusu. Mmoja wao, aliyeshika kijitabu mkononi, akanionyesha mstari. "Lakini iko mu kitabu yenu. Jina yako iko hapa juu." Nikashika kisu na kukata masega yote. Mvua zilipokuja, mzinga mmoja baada ya mwingine ulibaki mtupu, hata ule wa kijitoni.

Ndipo nikaenda kwa mke wake kuomba radhi. Nilimkuta akikata pondu, majani ya mihogo, mbele ya jiko. Nilimweleza yote, jina, sentensi, barua, huku nikilia. Alinisikiliza bila kuacha kukata.

"Weye unajua kama alijua kusoma jina yake?" akaniuliza.

"Papa hakujua kusoma, mama."

"Jina yake tu. Balimufundisha mu kanisa, utotoni. Siku ile ulileta kitabu, kisha uliondoka, aliketi pale." Akaonyesha kwa kisu kigoda kilichokuwa mlangoni. "Alifungua ukurasa moja, moja, moja, mupaka mwisho. Akarudia. Nilimuuliza, unatafuta nini? Akasema, bure tu."

Akarudisha kisu kwenye pondu.

"Alikuwa anakuita mutoto yangu," akasema. "Mutoto yake alikuwa na kalamu, alikuwa na mudomo. Donc, basi, sasa kwenda. Usirudie kulia hapa kwangu."

Nikaondoka. Sijarudi, kwa sababu alinikataza, na nadhani hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kumtimizia.

Mradi ulifungwa. Chef alipata cheo akahamia Kinshasa. Nilimwandikia kuomba kijitabu kichapwe upya, na jina la papa peke yake juu, lakini hakujibu. Mimi niko kwenye ofisi ya mbegu, mbali na mizinga. Kijitabu kinaendelea kuzunguka, na kila mara hutokea mwanafunzi wa kilimo akanisimamisha barabarani kunipongeza, eti nimeandika vizuri. Huwa namwambia kwamba maneno si yangu, ni ya papa mmoja wa Masako, isipokuwa sentensi moja ambayo ni mbaya. Wengi hutabasamu. Wanadhani ninajishusha.