Saa Mbili Mbele ya Namba Tisa

Adhabu za shule yetu hapa Ruiru nilikuwa nimezimaliza zote. Nimefyeka nyasi, nimeosha choo, nimepigishwa magoti mpaka suruali ikatoboka. Kwa hivyo mwalimu wa kompyuta aliponiambia, "Wewe, kaa hapo uangalie skrini mpaka imalize," nilidhani nimemshinda.

Kosa nalikubali. Fleshi zimepigwa marufuku kwa maabara, lakini yangu niliiingiza ikiwa ndani ya soksi, na kidogo kidogo nikajaza kompyuta namba tisa na nyimbo, mechi, na video kumi na nane za mimi nikiigiza vile naibu wa mwalimu mkuu hutembea. Nikisikia mtu anakuja, nafuta. Akienda, naweka zingine. Namba tisa, ambayo imenizidi umri, ikalemewa. Ukifungua faili moja unaweza kuenda kunywa uji na urudi.

Shida ni kwamba namba tisa si yangu peke yangu. Ilikuwa pia ya dada mmoja wa Form Four kutoka mtaa wa Membley, mpole mpaka nilikuwa namuogopa. Projekti yake ya mtihani ilikuwa ndani, mfumo wa kuweka rekodi za kliniki, na ilitakiwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano, na kompyuta zingine zote zilikuwa na watu wao. Asubuhi hiyo mashine iliganda mara nne. Akalaza kichwa juu ya kibodi, akalia bila sauti. Hakunitusi. Afadhali angenitusi.

Baada ya lunch mwalimu alinifanya nifute takataka zangu zote, kisha akaanzisha kazi ya kupanga diski.

"Faili zimekatwakatwa zikatupwa kila mahali," alisema. "Sasa itaziokota izipange. Usiguse hata maus. Na ufunge mdomo."

"Hata kupumua, mwalimu?"

"Pumua kwa pua."

Wenzangu wakaenda kucheza mpira. Kwenye skrini kulikuwa na utepe mrefu wa mistari myembamba: nyekundu ni faili zilizovunjika, bluu ni zilizo sawa, nyeupe ni nafasi tupu. Ulifanana na sahani ya githeri iliyoanguka, mahindi huku, maharagwe kule.

Dakika ishirini nilitafuta mzaha nikakosa. Halafu mstari mmoja mwekundu ukapotea, na bluu ikapanuka kama upana wa unywele. Nikaweka mkono juu ya boksi la kompyuta. Ndani kulikuwa na kitu kinakwaruza, krr, krr, kama kuku anayetafuta mahindi, na chuma kilikuwa kinatetemeka chini ya vidole vyangu. Hapo ndipo nilielewa. Projekti ya yule dada ilikuwa imelala vipande vipande katikati ya uchafu wangu, na kila asubuhi mashine hii ilikuwa inakimbia huko kote kuvikusanya, inamletea kliniki yake nzima bila kusahau mgonjwa hata mmoja. Na sisi tunaigonga ubavuni tukiiita cucu, nyanya mzee.

"Ngai," nilisema, kwa sauti yangu ya kanisani, ambayo hata kanisani siitumiagi.

Wekundu uliendelea kuyeyuka. Kulikuwa na mistari ya kijani, ya faili zisizosogezwa, na kila kitu kilipita kando yake kwa adabu. Kufika asilimia sitini kazi ikasimama, ikasimama, mpaka nikaanza kuomba, mimi ambaye wakati wa maombi huwa natekenya watu.

Ilifika mia kabla tu ya kengele ya kuenda nyumbani. Yule dada akaingia na begi mgongoni, hakuniangalia. Akabonyeza faili yake, akaanza kuhesabu vile alikuwa amezoea.

"Moja, mbili..."

Kliniki ikafunguka. Akabaki na tatu mdomoni.

Akageuka. "Mwalimu anasema umekaa hapa tangu lunch bila kuongea. Wewe?"

"Aki ungeona vile zilikuwa zinasonga, moja moja, halafu..."

"Shh. Vuta kiti." Akanipa karatasi zake. "Nisomee hizi rekodi, mimi naingiza. Haraka."

Nikavuta kiti. Mgonjwa wa kwanza alikuwa na kikohozi. Sikukiigiza.