Chumba cha Wenyewe

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mji wa Kale kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho sikutumwa kufagia, na kwa hilo nilikipenda. Kilikuwa juu kabisa, kimejaa popo. Nyanya hakutamka jini. Alisema "wenyewe," na kwamba atakayewasumbua kwa ufagio watamkalia kifuani.

Mama alikuwa haambiliki. Harusi ya mdogo wake ilipokaribia, wageni hawana pa kulala, alijifunga kibwebwe akapanda na ufagio. Alifagia nusu, akashuka kichwa kizima vumbi la mavi ya popo, anacheka. Baada ya wiki mbili kicheko kilikwisha. Homa ikampanda, kikohozi kikavu hakimwachi, jasho la usiku linalowesha shuka, na akivuta pumzi hushika ubavu. Akakonda hata bangili zikamvuka mkononi. Hospitali walimpima kifua kikuu mara mbili, wasikione.

Nyanya alilia kwamba alimwambia. Basi akafanya alilolijua: kuwaomba wenyewe radhi. Siku tatu, baada ya alasiri, Mama alipandishwa mle mle chumbani, akaketishwa mkekani, chetezo cha ubani mbele yake. Mimi ndiye niliyeyapepea makaa, moshi na vumbi vikipanda pamoja. Siku ya tatu alikohoa damu kwenye leso yake, nami nikajua, wallahi nilijua, mama yangu anakufa.

Tukamkimbiza hospitali. Daktari, mwanamke wa bara mwenye sauti ya chini, aliuliza kama mgonjwa aliingia mahali penye ndege au popo. Nyanya akanibana mkono. Siri ya nyumba haitoki nje. Hilo tulifunzwa kabla hatujajua hata alifu kwa kijiti.

"Alifagia chumba cha popo," nikasema. "Na siku tatu hizi tumemrudisha mle mle."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mavi ya popo huota kuvu, na vumbi lake likitimuliwa huingia mapafuni, kuvu ikaota humo. Mama akapimwa, ikawa ndiyo. Dawa alizimeza miezi na miezi. Yu hai, na bado haambiliki.

Nyanya hakunisemesha wiki nzima, kisha akanipa kufuli nikakifunge kile chumba. Simcheki. Alionya kweli, kwa maneno aliyoachiwa na waliomtangulia, na hofu yake ilimjua adui kabla ya sisi sote.

Kinachoniuma ni yale makaa. Niliyapepea kwa nguvu zangu zote, ili Mama apone.