Diski Mpya na Shemeji Mpole

Tangu tumzike mke wangu, mdogo wake ananiamkia shikamoo. Kabla ya hapo hakuwahi kunipa heshima hiyo. Alikuwa akishuka kwenye gari la kutoka Peramiho anaanza kunitukana akiwa bado barabarani, Matogoro yetu nzima isikie: yuko wapi huyo mla dagaa, dada yangu anakonda kwa kumpikia! Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Mbamba Bay, na yeye ni Mngoni. Juu ya hapo ni shemeji yangu. Utani ulikuwa haki yake mara mbili, na hakuiacha ipotee. Nami nilimjibu kwamba Wangoni wanajisifu kwa mikuki ya babu zao, lakini jogoo akiwakimbiza wanapanda kitandani. Mke wangu alicheka mpaka anatua sufuria chini.

Siku hizi ni "shikamoo shemeji, pole na upweke." Huruma hiyo inaniuma kuliko matusi yote aliyowahi kunitukana. Mtu asiyetaniwa ni mgeni tu, hata akipewa kiti kizuri. Mimi na marehemu hatukujaliwa watoto, na ndugu zangu wako mbali, kila mmoja na lake. Yule binti ndiye aliyebaki. Niliogopa kwamba undugu wetu nao tuliufukia siku ile ile, ila hakuna aliyenitangazia.

Ndiyo maana kompyuta yangu ilipogoma kuwaka, moyoni nilifurahi kidogo. Nilipata sababu ya kupiga simu.

Ilikuwa imezeeka, mitihani ya jiografia ninayowatungia wanafunzi ilichukua muda kufunguka mpaka chai inapoa. Nikanunua diski mpya mjini, ikiwa imeshawekwa programu zote za kuiendesha. Fundi wa dukani akaniambia nimpelekee kompyuta anifungie. Nikakataa. Mtu mzima ashindwe na skrubu? Na ukweli ni kwamba Jumamosi ilikuwa mbele yangu, mvua inanyesha, na sikuwa na wa kuzungumza naye. Kazi ya mikono niliihitaji kuliko diski yenyewe.

Nikatazama video kwenye simu, nikafungua, nikatoa ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga. Nikabonyeza. Kioo cheusi, na maandishi meupe ya Kiingereza yakinieleza kwamba hakuna diski ya kuwashia. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa betri, nikairudisha. Nikaipiga kofi ubavuni kama tulivyokuwa tukizipiga redio. Mwisho nikaigombeza kwa sauti: "Wewe nawe una nini?" Ndipo nilipotambua kwamba hayo yalikuwa maneno ya kwanza kusemwa mle ndani siku ile.

Shemeji yangu anafundisha kompyuta huko Peramiho. Nikampigia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kompyuta imegoma, nimebadilisha diski."

"Pole sana, shemeji. Na habari za upweke?"

Akanielekeza nibonyeze F2 wakati inawaka, ili niingie kwenye ukurasa wa mipangilio nione kama jina la diski lipo. Halikuwepo. Mahali pake palikuwa patupu.

"Basi haijagusa vizuri," akasema. "Naomba uifungue tena, shemeji, ukipata nafasi."

Ukipata nafasi! Nilikuwa na nafasi ya kumgawia yeye na kijiji kizima. Nikaiweka simu mezani ikiwa kwenye spika, nikafungua.

"Ile ya zamani ilikuwa na fremu ya chuma inayoishika pembeni. Umeihamishia kwenye hii mpya?"

Nikaitazama ya zamani. Ilikuwa imelala kando ya kikombe, na fremu yake mwilini.

"Nilidhani ni sehemu ya diski," nikasema.

"Sasa hii mpya imekaaje humo bila kuchezacheza?"

"Nimeiwekea kitu chini."

"Kitu gani, shemeji?"

Nikajifanya sijasikia. Akauliza tena, kwa upole ule ule.

"Kipande cha ndala."

Kikatoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya msiba, kile cha kupiga mapaja. "Ndala! Mungu wangu, kumbe dada aliolewa na fundi baiskeli! Mwalimu mzima unakata ndala unaishindilia kwenye kompyuta? Tutakuzika nayo hiyo ndala, wewe!"

Akakatisha maneno. Neno la kuzika lilikuwa limeshatoka.

"Nisamehe, shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Nimejisahau."

Nikaisogelea simu. Mvua ilikuwa inapiga bati na nilihofu atadhani nimekata simu.

"Usiniombe msamaha," nikamwambia. "Tangu tumzike hakuna mtu aliyenitukana. Nitukane tena. Nakuomba."

Nikamsikia anapenga kamasi. Kisha, taratibu, kama mtu anayeonja uji wa moto, akasema, "Zee zima. Zee zima halina hata aibu."

"Endelea."

"Toa huo uchafu humo! Na ukipoteza skrubu nakuja kukuchapa."

Nikaitoa ndala, nikafungua skrubu za fremu, nikaihamishia kwenye diski mpya, nikaisukuma mpaka ikaingia vizuri. Muda wote huo alikuwa akinisema: vidole vyangu kama mihogo, shati langu la kwenda kanisani, ugali wangu ninaopika mwenyewe ambao hata mbwa wa jirani ameususia. Sauti yake ilikuwa inazidi kupanda. Nilicheka huku machozi yananidondokea, nikayafuta kwa mkono yasiingie kwenye mashine.

Nikafunika, nikabonyeza.

"Imewaka?" akauliza.

Kioo kilikuwa kimeshang'aa chote, kinaniuliza nichague lugha.

"Bado," nikasema.

"Bado? We mzee una mkosi gani!" akasema, akaanza upya.