Kikaratasi Kilichobaki Cheupe

Wiki ya tatu tangu nijifungue, nilikuwa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwa mama mkwe, nalishwa tu, maana kwetu mzazi hashiki hata ufagio. Kila mchana aliniletea mtori wa ndizi na nyama, na mboga ya mnafu aliyoichuma kihambani mwake, shambani pale nyumbani, chini ya mibuni na migomba. Mnafu unaongeza maziwa, alisema. "Mboga yangu haijui dawa," alijisifu, nami nikamwamini. Mwanamke yule hadanganyi hata kwa mzaha.

Jumamosi wifi yangu, anayefanya kazi maabara mjini Moshi, alipanda kuja kumwona mtoto. Mkobani alikuwa na vikaratasi vyembamba vya bei ya chini. Kimoja unakitumia mara moja, unatupa. Ncha yake imepakwa kimeng'enya, kitu ambacho dawa ya wadudu hukizima. Unadondoshea maji uliyooshea jani, unasubiri. Kikigeuka buluu, jani ni safi. Kikibaki cheupe, lina dawa ya wadudu. Nilicheka: maabara nzima kwenye mkoba wa mtumba! Akapima mnafu wa mama, ili tu tuone buluu yenyewe.

Hatukuiona.

"Kikaratasi chako kibovu," mama alinuna. Wifi hakubishana, na hilo ndilo ninalompendea. Alichuma mnafu ulioota nyuma ya jiko, mbali na kahawa, akapima kwa kikaratasi kingine. Buluu, tena ya kung'aa.

Mama aliangalia kihambani, akakumbuka. Jumanne alikuwa amepulizia mibuni yake dawa ya wadudu. Mnafu hakuupulizia, ni kweli, ila ulikuwa chini ya mibuni hiyo. Sote tunapanda hivyo huku, kimoja juu ya kingine, na sikumbuki mtu aliyewahi kuwaza kinachodondoka.

Nami nilikuwa nimeula tangu Jumatano. Nilimkumbatia mwanangu kwa hofu na hasira. Mama aliepua sufuria, akamwaga mnafu wote shimoni, yeye ambaye hata ukoko hukwangua. Kisha akajifunga kanga. Asubuhi ile alikuwa amewagawia majirani mnafu huohuo.

"Mama, acha tu," nikamwambia. "Watakusema kanisani kesho. Nani atajua?"

Alinitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa akinyonya.

"Yule jirani wa bondeni naye ananyonyesha," akasema, akatoka haraka bila hata kuvaa viatu.