Maye Iliyonyweshwa Maji

Sikilizeni, wanangu mnaoanza useremala. Kaeni karibu, jambo lenyewe ni dogo lakini lilitaka kuninyima kazi.

Siku yangu ya kwanza katika atelye, yaani karakana, moja ya mtaa uitwao Kenya hapa mjini kwetu, shefu aliyeisimamia hakunipa kazi. Alinipa kipande cha mubanga, mti mgumu kweli, akasema, "Jitengenezee maye." Maye ni nyundo ya mti. Inapiga patasi bila kupasua mpini wake, inasogeza kiungo cha kiti bila kuacha alama. Kila mmoja alichonga yake, na hakuna aliyegusa ya mwenzake. Mkono mgeni huleta maneno, tuliambiwa.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa natoboa mguu wa meza, kichwa cha maye yangu kikachomoka, kikapita karibu na sikio la shefu, kikagonga mlango. Na jana yake shefu alikuwa amenifokea mbele ya wote. Shefu akanigeukia.

"Ulipenda kunipasula kichwa?"

"Apana, shefu. Imetoka yenyewe."

"Maye haina mabawa. Vula tabliye, wende kwako."

Nikaivua aproni yangu, nikautazama mpini. Kwenye ncha palikuwa na doa la maji, na mimi sikuwahi kuulowesha. Nani aliniwekea dawa ya kuniloga? Nikawapitia wenzangu kwa macho mmoja mmoja, mpaka kwa Ilunga, jirani yangu wa benchi, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Kabla sijasema neno, akainua mkono.

"Shefu, ni mie. Siku ya posho, Jumamosi, niliona maye yake iko inacheza-cheza, nikainywesha mu seo, ndoo ya maji. Kwetu jembe ikilegea tunailalisha mu maji, inakaza."

"Nani alikutuma kugusa maye ya muntu?"

"Nilitaka kumusaidia tu. Sasa ona vile ananiangalia, sawa muloji!"

Watu wakacheka. Shefu hakucheka.

"Jembe inarudia mu udongo ya maji kila siku. Maye inakaa mu vumbi. Maji ikitoka, mpini inakonda kupita mbele."

Ndivyo ilivyo. Mti ukinywa maji huvimba, hujibana ndani ya tundu hadi kujiponda; ukikauka, unalegea kuliko mwanzo.

Shefu akanirudisha kwenye benchi langu. Lakini hadi alipostaafu, shefu hakusimama tena mbele ya maye yangu. Maagizo yote alinipa akiwa nyuma ya mgongo wangu.

Sasa na mimi nimestaafu, nakaa mtaa wa Ruashi. Nimeona atelye nyingi ambamo watu wanatafuta mlozi kabla ya kutafuta kabari, kile kipande chembamba kinachokaza mpini.

Basi kila asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, tikiseni maye karibu na sikio. Ikilia, ng'oeni kabari ya zamani, chongeni mpya ya mti mkavu, muipigilie.