Shangazi na Mlango wa Nyuma wa Duka

Shangazi yangu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika duka kubwa, na wateja waliowahi kumwona hawazidi watano. Duka lilikuwa la vyombo, nguo na mashuka, mojawapo ya matawi saba ya kampuni moja. Mbele kulikuwa na vioo, taa nyeupe na wasichana wa kaunta wanaonukia vizuri. Nyuma kulikuwa na shangazi, meza yenye mguu mmoja mfupi, na lori linalorudi kinyumenyume huku likilia pii, pii, pii.

Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo. Lori likifika kutoka ghala kuu, anahesabu maboksi, anayafungua, anaangalia kama kuna kilichovunjika, anatia sahihi. Bidhaa zinakwenda mbele, na kilichobaki kinakwenda kwenye mapipa: maboksi mazima, plastiki za kufungia, mbao, karatasi, na hanga za nguo, hanga juu ya hanga. Gari la taka lilikuja kila asubuhi na kila asubuhi liliondoka limejaa hadi mdomoni.

Hilo lilimkera. Mambo ya mazingira alikuwa akiyasikia redioni kama wewe na mimi, na hayakumtoa usingizini. Ila alizaliwa mtu wa kutunza. Nyumbani kwake kopo la maziwa ya unga lilianza kuwa kopo la sukari, likawa la misumari, na nilipokwenda kuishi naye ili nisome chuo, lilikuwa limeota kitunguu dirishani. Mume wake, fundi redio, alikuwa akisema, "Mimi nashukuru nimeoa huyu. Najua nikizeeka hatanitupa." Kazini walimpa jina la Usitupe, naye akaliitikia bila kinyongo.

Mambo yalianzia kwenye hanga. Kila shati lililetwa limetundikwa kwenye hanga yake. Mteja akinunua, kaunta wanaichomoa na kuitupa. Halafu ghala kuu wanaagiza hanga nyingine mpya za kutundikia mashati mengine, ambayo nayo yanakuja kuvuliwa hanga palepale. Shangazi aliuangalia mzunguko huo kwa miaka mingi. Siku moja, lori limeshashushwa, akamwendea dereva, mtu mnene mwenye subira ambaye alikuwa akila embe juu ya bampa.

"Kaka, ukitoka hapa unarudi ghalani na nini?"

"Narudi na upepo, dada."

"Basi leo rudi na boksi hili la hanga."

"Mimi sijatumwa hanga."

"Upepo nao ulitumwa?"

Dereva akacheka mpaka embe likamponyoka. Akachukua boksi. Kwa bahati, ghalani wiki ile hanga zilikuwa zimewaishia, na mpokeaji wa kule akamtumia shangazi salamu, kwamba zikipatikana nyingine zije. Zikaja. Baada ya hanga yakafuata maboksi, yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, ghalani wakayakunjua na kupakia tena mizigo ya matawi mengine. Ikawa ni mpango wa watu watatu, na hakuna aliyevaa tai aliyekuwa na habari.

Miezi minne ilikwenda hivyo kwa raha mustarehe. Ukaja msimu wa mvua.

Maboksi yake shangazi aliyaweka katika chumba cha zamani cha kubadilishia nguo, ambacho bati lake lilikuwa na tundu. Yakalowa kidogo. Akayaanika, yakakauka, akayatuma. Isitoshe, humo alikuwa amechanganya maboksi ya biskuti yaliyotoka kwenye kantini ya wafanyakazi, kwa kuwa boksi kwake lilikuwa boksi. Ghalani wakapakia mashuka humo wakayapeleka tawi la tatu. Pale mbele ya kaunta, mama mmoja akafungua pakiti aone rangi ya shuka, na mende akatoka ndani, akasimama, akapunga vipembe vyake, kisha akatembea zake bila haraka kuelekea kwenye mito.

Yule mama alipiga ukelele uliosikika mpaka kituo cha mafuta. Boksi likatafutwa. Ubavuni lilikuwa na mwandiko wa shangazi, mkubwa na mzuri.

Meneja wa tawi la shangazi alikuwa kijana mpole, mgeni, mwenye miezi miwili tu pale. Alimwita ofisini akamkalisha.

"Mama, nani alikuruhusu kurudisha maboksi?"

"Hakuna, baba."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema tuandike barua. Barua ingekwenda makao makuu, na hadi ijibiwe maboksi yangekuwa yameoza."

"Yameoza hata hivyo, mama."

Shangazi alipewa barua ya onyo na amri ya kutupa kila kitu kama zamani. Jioni hiyo alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa ameshika tama. Mjomba, mume wake, alimtania kidogo, akaona mambo mazito, akaacha. Mimi nikampelekea chai. Ikapoa mbele yake.

"Wamekuonea, shangazi," nikamwambia.

"Hawajanionea. Yule mama wa watu angeweza kuanguka akavunjika kiuno." Akanywa funda la chai iliyopoa. "Kurudisha si kosa. Kosa langu ni kwamba nilirudisha bila kuangalia, kama vile wenyewe wanavyotupa bila kuangalia. Tumekuwa ndugu."

Akaninyang'anya daftari langu moja la chuo akaanza kuandika.

Alhamisi iliyofuata aliripoti kazini mapema, akamsubiri meneja mlangoni. Akamwomba aje naye nyuma kwa dakika kumi tu, kabla gari la taka halijafika. Meneja hakuwahi kufika nyuma asubuhi. Akakunja mikono ya shati, na shangazi akaanza kumfunulia pipa moja baada ya jingine. Maboksi ambayo hayakuwa na hata mkunjo. Hanga mia tatu na ushei. Plastiki ya kutosha kuivika nyumba. Pipa la mwisho, meneja akaingiza mkono mwenyewe, akatoa sahani. Akatoa nyingine. Akatoa tano, nzima, zinang'aa, zina maua ya buluu pembeni.

"Na hizi?"

"Seti ya sahani sita, moja imepasuka. Utaratibu unasema seti nzima itupwe."

"Utaratibu wa nani?"

"Wenu."

Meneja akaketi juu ya rundo la mbao na suruali yake safi, sahani tano mapajani. Shangazi akaona huo ndio wakati wake, akatoa daftari. Boksi lililobeba chakula halirudi kamwe. Lililolowa halirudi, hata likikauka. Linalorudi linakaguliwa ndani na nje, linawekwa juu ya mbao ili hewa ipite, na bati lizibwe kwanza. Lililochanika linakatwa vipande vya kufungia sahani, badala ya plastiki mpya. Na seti zilizopungua zipewe rafu moja huko mbele, mtu anunue kipande kimoja kimoja.

"Rafu hiyo nani ataiangalia, mama? Watu wanataka seti kamili."

"Watu wana seti kamili nyumbani, baba. Kisha wanavunja kimoja."

Meneja akampa mwezi mmoja wa majaribio. Fundi akaziba bati siku hiyohiyo.

Rafu ilikaa siku mbili bila kuguswa, na wasichana wa kaunta wakaanza kuiita hospitali. Siku ya tatu akaingia mwanamke mbiombio, kipande cha sahani kimefungwa kwenye khanga. Alikuwa amevunja sahani ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anarudi safari saa kumi. Maua ya buluu yakalingana. Mwanamke aliikumbatia ile sahani, akamkumbatia na msichana wa kaunta, na kwa namna habari zinavyotembea, wiki iliyofuata wakaja wengine wenye bakuli lisilo na mfuniko, mfuniko usio na sufuria, kikombe kilichobaki yatima. Rafu moja ikawa tatu.

Mwezi ukaisha, gari la taka likawa linakuja mara mbili kwa wiki, na dereva wake akauliza kama duka linafungwa. Meneja akaandika ile barua, na kwa mshangao wa wote makao makuu walijibu ndani ya siku nne. Walitaka shangazi azunguke matawi sita yaliyobaki kufundisha.

Aliogopa. Mtu aliyezoea kuzungumza na maboksi unamsimamisha mbele ya watu thelathini. Tawi la kwanza, maneno aliyokariri kwangu usiku kucha yakayeyuka. Akaomba aletewe mzigo ambao haujafunguliwa. Akaufungua, akaanza kueleza anachoshika, na ulimi ukafunguka. Tawi la tatu, lile la mende, mpokeaji mizigo alimwambia waziwazi kwamba wao wana kazi nyingi, hawana muda wa michezo. Shangazi hakubishana. Alivaa koti la kazi akapokea naye lori zima, kwa muda wa saa tatu na nusu, akikunja huku anasimulia habari za mjomba na redio zake. Walipomaliza, uwanja ulikuwa mtupu na hapakuwa na cha kufagia. Yule bwana akajikuna kichwa, akauliza hiyo kamba inafungwaje.

Sasa cheo chake ni msimamizi wa vifaa vya kurudishwa, matawi yote saba, na ana kiti kinachozunguka ambacho hukikalia mara chache. Ugomvi wake wa karibuni ulikuwa na muuzaji wa vijiko, aliyeleta vijiko elfu moja, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Wateja wanapenda hivi, mama," akasema muuzaji.

"Sawa, baba. Kaa basi tuvikague, ndio nitie sahihi."

Akaanza kuvivua kimoja kimoja, taratibu, kwa adabu zote, akiuliza habari za watoto wake. Kijiko cha sitini, muuzaji alikuwa ameshaangalia saa mara nane. Cha mia, akaomba samahani, akaondoka na mzigo wake. Jumatatu iliyofuata alirudi na vijiko vilevile, vimefungwa kumi na mbili kumi na mbili kwa utepe wa karatasi, na shangazi akatia sahihi.